Klorokwini Isiyowasha

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa kiti, Msajili wa Wilaya alinipa karatasi moja akasema, "Soma."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo mjini Kisumu. Nilikuwa nimetoka Bungoma na cheti changu cha kidato cha nne na kingine cha kupiga taipu, nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu. Nikasoma kwa sauti ya darasani. Fomu ilisema kwamba marehemu, mwanamume wa makamo, aliugua koo kwa siku tatu, kisha "alidungwa pensil matakoni akaanguka hapo hapo."

"Amekufa kwa nini?" Msajili akauliza.

"Alidungwa penseli, bwana."

"Nani atamwinamisha mtu mzima anayeumwa koo, amdunge penseli matakoni?"

Karani wa meza ya pili alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Msajili mwenyewe, Bwana Odera, hakucheka. Alinieleza polepole kwamba neno lile lilikuwa penisilini, sindano ambayo wako watu wachache mwili wao huikataa kabisa wakafa papo hapo. Karani aliyenitangulia alikuwa ameiweka fomu ile pamoja na za watu waliouawa kwa vitu vyenye ncha, na shemeji wa marehemu alikuwa ameshahojiwa na polisi mara mbili. "Kwa sababu ya neno moja," Bwana Odera alisema. "Haya, Nekesa, sasa unaweza kuketi."

Vijana wa siku hizi mnaona majina ya dawa yamechapwa vizuri kwenye kompyuta. Wakati wetu haikuwa hivyo. Mtu akifia hospitalini, daktari alijaza fomu ya sababu ya kifo kwa mwandiko wake wa haraka. Akifia nyumbani, jamaa walikwenda kwa naibu chifu, naye akawauliza maswali, akaandika alivyosikia, kisha akawapa kibali cha mazishi. Fomu zote zilimiminika kwetu, na sisi ndio tuliotoa cheti cha kifo. Lakini Afisa wa Afya wa Wilaya alikuwa ametuomba jambo la ziada. Kila tulipokuta dawa imetajwa katika maelezo ya kifo, tuitambue ni dawa gani, tuinakili, tumpelekee orodha kila robo mwaka. Alitaka kujua ni dawa zipi zinazodhuru watu wake.

Kuzitambua ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Klorokwini, ile dawa ya malaria ambayo kila nyumba ya ziwani ilikuwa nayo, niliikuta imeandikwa klorokwin, kolorokwini, chrolokwin, korokwin, na mara moja "kwini ya kloro." Aspirini ilikuwa esprin, asprini, hata asubirini. Bwana Odera alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu tuliloliita Daftari la Dawa. Kila dawa ilikuwa na ukurasa wake, na chini ya jina lake sahihi aliorodhesha kila sura ambayo jina hilo lilikuwa limewahi kutufikia nayo, nambari ya fomu ikiwa pembeni.

Alinifundisha njia zake. Ya kwanza, soma neno kwa sauti, maana aliyeandika alilisikia kabla ya kuliona. Ya pili, vua irabu zote ubaki na mifupa ya neno. Klorokwini, kolorokwini na korokwin zikivuliwa irabu zinafanana kama ndugu. Ya tatu, jua lugha ya mwandishi. Mjaluo aliyezoea Dholuo ataandika s palipo na sh, kwa kuwa sauti ile haimo kwao. "Na ninyi wa Bungoma," aliniambia, "mnabadilishana b na p kama majirani wanaoazimana chumvi. Kwa hiyo jichunge mwenyewe kwanza." Ilikuwa kweli. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetaipu "paba wa marehemu."

Ya nne ndiyo aliyoishikilia kuliko zote. Nilipochukua kalamu nisahihishe neno kwenye fomu, alinishika mkono.

"Kwenye fomu usiguse. Andika kwenye daftari letu. Yeye aliyeandika alikuwapo pale matangani. Wewe hukuwapo."

Nilifanya kazi chini yake miaka mitano, kisha nikapelekwa ng'ambo ya ghuba, Homa Bay, chini ya Msajili Msaidizi aliyependa mafaili yaliyonyooka na wino mweusi. Huyo aliona habari za dawa ni kupoteza muda. "Ameandika malaria, andika malaria," alikuwa akisema. Simlaumu. Fomu zilikuwa nyingi na makarani tulikuwa wawili. Lakini nilijifunza Dholuo huko kwa kuketi na wanawake sokoni, na niliporudi Kisumu kama Karani Mkuu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliweza kumsikia mtu wa ziwani ndani ya maandishi yake. Bwana Odera alikuwa bado yuko, nywele nyeupe, amebakiza muda mfupi astaafu.

Mwaka huo mvua za masika zilinyesha sana, na baada yake malaria ikaja kwa nguvu. Fomu zilijaa trei. Siku moja nilifungua bahasha iliyotoka kata ndogo moja ya ufukweni, mbele ya Dunga. Naibu chifu wa huko, Mzee Ogola, tulimjua kwa mwandiko wake, herufi kubwa nene zilizokaribia kutoboa karatasi. Makarani vijana walimcheka. Aliandika kila kitu: marehemu alikula nini, alisema nini, nani alimshika mkono. Fomu hiyo ilisema: "Malaria. Alikunywa kloropamai nne asubuhi. Jioni akalala hakuamka."

Niliiweka kwenye ukurasa wa klorokwini. Baada ya siku chache ikaja nyingine ya kwake, "koropamaid," nayo nikaiweka hapo hapo. Nilikuwa na haraka, na neno lilianza kama klorokwini, na ugonjwa ulikuwa malaria. Ningeweza kuwaficha jambo hili, lakini basi kumbukumbu hizi zingekuwa na faida gani?

Ya tatu ilipofika, "kloropamaid," nikasita. Nikaisoma kwa sauti. Nikaivua irabu. Kisha nikachukua daftari na fomu zote tatu nikaenda ofisini kwa Msajili.

Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mifupa yake?"

"K, l, r, p, m, d."

"Na klorokwini?"

"K, l, r, k, w, n."

"P imetoka wapi? M imetoka wapi?" Akavua miwani. "Nekesa, mtu akisahau neno huacha herufi. Anaweza kubadilisha moja. Lakini haongezi sauti zile zile mara tatu, kwa vifo vitatu tofauti. Hili ni neno lingine."

"Mbili za kwanza niliziweka kwenye klorokwini, Mzee."

"Nimeona. Andika hivyo hivyo daftarini, na utie sahihi. Baadaye. Sasa nipe simu."

Alimpigia mfamasia wa hospitali, yaani mtaalamu wa dawa, akamsomea maneno yale matatu kama yalivyoandikwa. Niliisikia sauti ya mfamasia ikikatika upande wa pili, kisha ikarudi kwa haraka. Bwana Odera alirudia kila kitu kwa sauti ili niandike.

"Kloropropamaidi. Dawa ya kisukari. Inashusha sukari mwilini. Mtu asiye na kisukari akimeza nne kwa pamoja, na hajala kwa sababu ya homa, sukari inaisha, anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, analala moja kwa moja. Ndiyo. Ndiyo, watu watadhani malaria imepanda kichwani. Tukimkuta aliyekunywa? Sukari, mara moja, halafu hospitali. Na asiachwe hata akiamka, dawa hii hukaa mwilini siku nyingi."

Aliweka simu chini. Alifungua kabati ya chai ya ofisi, akatoa pakiti ya sukari ambayo haikuwa imefunguliwa, akaitia kwenye mkoba wake wa mafaili.

Afisa wa Afya alikuja na Landrova yake na afisa wake mmoja, tukaondoka saa nne ya asubuhi. Njia ya ufukweni ilikuwa tope tupu. Nilikaa nyuma na daftari mapajani, nikahesabu siku tangu fomu ya kwanza, nikajaribu kuacha kuhesabu.

Mzee Ogola tulimkuta chini ya ukingo wa paa lake la mabati, anasikiza kesi ya mbuzi. Alikuwa mtu mrefu, amevaa kofia ya kazi na shati lenye viraka viwili safi. Alipoona wakubwa wote wale wameshika fomu zake, alisimama kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Bwana Msajili, kama nimeharibu spelling mnisamehe. Mimi nilifika darasa la nne tu. Naandika kile nimesikia."

Bwana Odera alimshika mikono yote miwili. "Mzee, hukuharibu. Hilo neno ulilipata wapi?"

"Kwa wenye maiti. Nauliza, alikunywa yath gani, dawa gani? Yule mama wa kwanza akaniambia jina. Nikamwambia, sema tena. Akasema tena. Nikaandika. Nilifikiria pia ni klorokwin, lakini sikuandika kile nimefikiria."

Alitupeleka kwa huyo mama, hatua chache kutoka hapo. Tulimwita Mama Atieno. Mumewe alikuwa fundi wa mashua, na mashua ya mwisho aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa bado uani, ubavu mmoja hauna mbao. Mama Atieno alituwekea viti, akaketi kwenye mkeka.

"Aliuziwa na yule wa dawa anakuja siku ya soko," alisema. "Mume wangu hakupenda klorokwini. Ilikuwa inamwasha mwili wote, anajikuna mpaka anatoka damu. Huyo muuzaji akamwambia, hii ni mpya, ndugu ya klorokwini, inaitwa kloropamai. Haiwashi. Haina uchungu sana. Mume wangu alifurahi. Alimeza nne vile tunamezanga. Aliniambia, 'Mama, kweli haiwashi.'" Akanyoosha pindo la mkeka. "Alikufa akiwa amefurahia hiyo dawa."

Aliingia ndani akatoka na leso, akafungua fundo pembeni. Vidonge viwili vilibaki. Afisa wa Afya alivipokea kwenye bahasha. Bwana Odera alimwambia, kwa Dholuo, kwamba kukumbuka kwake jina lile ndiko kulikotuleta.

"Nilikumbuka kwa sababu nilitaka kuinunua tena," alijibu.

Mzee Ogola alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Ghafla aligeuka. "Rispa," alisema. "Mama Rispa ana homa tangu jana. Na jana ilikuwa soko."

Sijawahi kumwona mzee akikimbia namna ile. Tulimfuata kati ya nyavu zilizoanikwa na dagaa wa omena waliotandazwa juani, Afisa wa Afya ameshika kofia yake mkononi. Mama Rispa alikuwa mjane aliyeuza samaki wa kukaanga. Tulimkuta amelala ubavu, nguo zimelowa jasho, mkono unacheza peke yake. Binti yake alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Alisema mama alimeza dawa alfajiri, kisha akaanza kumwita kwa jina la shangazi aliyekufa zamani.

"Dawa ilimwasha?" niliuliza.

"Hapana. Alisema hii ni nzuri."

Bwana Odera alishatoa sukari. Afisa wa Afya aliikoroga katika kikombe, akampakaza Mama Rispa kwenye ufizi kwa kidole, taratibu, akisubiri ameze, akaongeza. Mimi nilimshika kichwa. Nywele zake zilinuka moshi wa samaki. Tulikaa hivyo mpaka mkono ule ukatulia. Baadaye kidogo alifungua macho, akamtazama Bwana Odera na tai yake, akaninong'oneza kwa Dholuo, "Huyu mzee ni nani amekaa kitandani kwangu?"

Binti yake alilia kwa sauti. Mzee Ogola alitoka nje, akageukia ukuta.

Tulimpeleka hospitali katika Landrova. Mfamasia alikuwa amesema kweli, maana jioni hiyo alizama tena, wakamrudisha kwa maji ya sukari ya mshipa, na siku ya tatu akaomba ugali. Muuzaji wa dawa alipatikana kabla ya soko lililofuata. Alikuwa amenunua kopo la vidonge elfu kwa mtu asiyemjua. Alisoma jina lililokuwa kwenye kopo, akaliona limeanza kama klorokwini, akaamini. Kwa hiyo hata yeye alisema jina la kweli, na ndilo lililomfikisha mbele ya hakimu. Jumapili ile, makanisani na ufukweni kote hadi mtaa wa Obunga mjini, watu walitangaziwa kurudisha kila kidonge cha malaria kisicho kichungu. Bahasha ilijaa. Hakuna fomu nyingine yenye neno lile iliyotufikia.

Watu walimpongeza Bwana Odera. Yeye aliandika barua kwa Mkuu wa Wilaya, akaniambia niitaipu. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba watu waliokolewa na naibu chifu aliyesoma hadi darasa la nne, ambaye hakuandika alichodhani bali alichosikia. Mzee Ogola alisomewa barua hiyo mbele ya baraza. Wanasema alisimama wima muda wote, kisha akaomba apewe nakala, naye akaitundika pembeni mwa picha ya harusi yake.

Na mimi niliandika daftarini kwamba fomu mbili za kwanza niliziweka mahali pasipo pake. Mtu wa tatu alikufa baada ya hizo mbili kunipita mikononi. Nilimwuliza Bwana Odera kama ningeshtuka mapema yule wa tatu angepona. Hakunidanganya. "Huenda," alisema. "Ndiyo maana kesho utasoma polepole zaidi." Nimemheshimu mtu yule kwa mambo mengi, lakini kwa jibu lile zaidi.

Alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kulima mpunga kwao. Nilishika Daftari la Dawa hadi mwisho wa miaka ya tisini. Kisha nilikuwa Sondu kwa muda, katika ofisi ndogo ya mpakani ambako fomu zilikuja kwa Dholuo cha huku na Kikalenjin cha kule, nikalazimika kuanza tena kujifunza kusikiliza. Nilifundisha makarani sita. Wawili kati yao walinizidi, nami niliwaambia hivyo.

Sasa nimestaafu, na vijana hunijia wakiniuliza kama kazi ya vyeti vya vifo haikunitia huzuni. Ilinitia. Lakini fikirieni ni nani waliotuandikia. Mjane ambaye machozi hayajakauka, anaulizwa dawa gani, naye anajitahidi kutamka neno la Kizungu alilolisikia mara moja. Naibu chifu ameweka karatasi gotini, anaandika sauti ambayo hajawahi kuiona. Daktari kijana hajalala siku mbili. Kati ya hao wote, neno linapita likiwa limepinda, limevunjika, lakini linapita. Mimi sikupata kuona uaminifu mkubwa kuliko huo katika ofisi yoyote ya serikali. Anayecheka tahajia yao hajui anachokicheka.

Mwisho wa daftari palikuwa na ukurasa usio na kichwa. Hapo niliweka maneno tuliyoshindwa kuyatambua, mimi, Bwana Odera na mfamasia. Yalikuwa kumi na moja. Nilipokabidhi ofisi niliyanakili kwenye kipande cha karatasi, nikaenda nacho nyumbani. "Maribesoni." "Tetramo." "Sindano ya lasika." Bado ninayatamka kwa sauti ninapoosha vyombo, nikigeuza r kuwa l, nikivua irabu, nikizirudisha. Wajukuu wangu hudhani ninaimba. Kuna mtu aliyemeza kitu hicho akafa, na kuna mwenzake aliyelishika jina lake kadiri alivyoweza. Wiki iliyopita, mikono yangu ikiwa majini, nililitambua neno moja.